Redio Zilipokuwa na Matumbo

Sina ugomvi na redio za siku hizi isipokuwa kwa jambo moja: zinasikika. Zinasikika mno. Mjukuu wangu anabonya kitufe, namba zinakimbia, zinasimama zenyewe, na mtangazaji anaanza kucheka peke yake kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Anacheka, anamtaja aliyemtumia ujumbe kutoka Kibaha, anacheka tena. Hakuna neno linalopotea. Mimi nimekaa barazani hapa Lugoba, malori ya kokoto yanapita kuelekea Dar es Salaam, namwomba Mungu lori moja lipige honi ndefu ili walau sentensi moja inipite.

Sisi tuliolelewa na masafa mafupi hatukuzoeshwa anasa hiyo. Redio ya wakati wetu ilikupa nusu ya maneno, nusu ya pili ukaitafute mwenyewe. Ipo, haipo, imezama, imerudi, Cairo kaingia katikati bila hodi, halafu mluzi mrefu, halafu mtu anamalizia taarifa ambayo mwanzo wake hukuusikia. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kwa wiki 12 kumsikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam akiwafundisha habari za malaria, maji safi na vyoo. Kikundi chetu kilikaa chini ya mwembe. Mtangazaji alipofika kwenye kina cha shimo la choo, wimbi likazama. Liliporudi, alikwishahamia kwenye mbu. Kitabu cha mafunzo kilikuwepo, ila alikuwa nacho kiongozi wa kikundi, na kiongozi alikuwa msibani Msata. Basi kila kaya ikachimba kwa imani yake. Wapo waliochimba mpaka wakatafutiwa ngazi ya kuwatoa, na wapo ambao shimo lao liliwafika magotini wakasema redio haikutaja zaidi ya hapo.

Redio iliyotusomesha siku ile ilikuwa ya mjomba wangu, na nikisema ya mjomba simaanishi aliinunua. Aliiunda.

Hapa wasomaji vijana watauliza, "Aliiunda vipi, aliangalia video?" Hapana. Kule Marekani, mji wa Benton Harbor, Michigan, kulikuwa na kampuni iitwayo Heathkit iliyouza mitambo kwa vipande ili mteja aiunge mwenyewe nyumbani. Walianza mwaka 1947 na oskiloskopu ya dola 39.50, wakitumia vipuri vilivyobaki baada ya vita, wakaendelea na redio na mitambo ya kila aina mpaka 1992. Mteja alipokea boksi kwa posta. Kila rezista imo, kila skrubu imehesabiwa, na kuna kitabu kinachomwambia unga waya huu hapa, ukimaliza weka alama ya vema, sasa nenda hatua inayofuata. Niliwahi kukishika kitabu kimoja cha namna hiyo na nilikasirika. Huko si kuunda redio. Huko ni kupika wali wa nazi ukiwa umeletewa mchele umechambuliwa, nazi imekunwa, na mtu amesimama pembeni kukushikia mwiko.

Boksi letu sisi lilikuwa marehemu. Redio ikifa Lugoba, Mandera au Miono, mwenye mali alihuzunika siku kadhaa, akajaribu kuipiga makofi, akamwita shehe, na mwisho akamletea mjomba maiti. Mjomba aliipasua. National iliyotumbukia Mto Wami ilitoa spika. Philips iliyotafunwa na panya ilitoa koili na kondensa ya kuzungushia stesheni. Redio ya mbao ya mwalimu, ile ya taa za kioo, ilitoa kila kitu kilichobaki pamoja na mende. National wakati huo ziliundwa Dar es Salaam na Philips Arusha, kwa hiyo hata marehemu wetu walikuwa wazalendo.

Kabla ya hapo, kwa ajili ya kunifundisha, alinitengenezea redio isiyotumia betri. Najua hamniamini. Waya mwembamba aliutoa kwenye transfoma iliyoungua, akauzungusha kwenye kipande cha mwanzi, akaweka dayodi moja ya kioo ndogo kuliko punje ya mpunga, akaongeza kipaza sauti cha sikioni kilichotoka kwenye simu ya zamani. Waya mwingine mrefu ulipanda mnazi, na wa tatu ulizikwa ardhini, mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kumwagia maji kila jioni kama natunza mche. Mtambo ule ulikula umeme wa mawimbi yenyewe. Dar es Salaam ilitangaza na ikalipia pia. Sauti yake? Ulipaswa kuzuia pumzi. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, umekosa habari za mikoani. Lakini nilikuwa mtoto wa kijijini aliyekuwa na redio yake mwenyewe, isiyoomba betri kwa mtu, na nilitembea kwa maringo yasiyo na kipimo.

Jirani mmoja alikuja kuukata ule waya wa mnazini. Alidai unaita radi. Mjomba alikasirika sana, ila mimi leo simshangai yule jirani. Woga wa minara ya redio ni wa siku nyingi katika pwani hii. Agosti 8, 1914, vita ikiwa haijamaliza hata wiki moja, manowari ya Waingereza HMS Astraea iliipiga mizinga stesheni ya redio ya Wajerumani Dar es Salaam, na Wajerumani wenyewe, kwa kuhofia adui ateremke pwani na kuuteka, wakauangusha mnara wao. Kama dola nzima yenye mizinga iliangusha waya wake kwa hofu ya mgeni, jirani yetu mwenye panga moja alikuwa na kosa gani?

Turudi kwenye redio kubwa. Lugoba ya wakati ule kulehemu kulikuwa ni shughuli ya jikoni, maana pasi ya kulehemu ya mjomba ilikuwa kipande cha shaba kilichopachikwa mpini wa mti, na moto pekee wa uhakika ulikuwa wa jiko la mama. Mjomba alichomeka shaba yake kwenye makaa pembeni ya sufuria, akangoja iive, akakimbia nayo hadi mezani kabla haijapoa. Risasi ya kulehemia ina ulimbo ndani yake, na ulimbo ukiungua hutoa moshi wenye harufu ambayo, ukishaizoea, hutaisahau mpaka kufa.

"Kaka, mchuzi wangu una nini leo?"

"Ni ulimbo tu, dada."

"Ulimbo wa kunasia ndege?"

"Huo huo, lakini huu unanasa Dar es Salaam."

Mama hakucheka. Tulikula samaki wenye ladha ya Redio Tanzania kwa muda mrefu.

Transista za zamani zilikuwa za jemaniamu, na jemaniamu haipendi joto. Ukichelewesha shaba kwenye mguu wake imekufa, ndiyo maana mjomba aliubana mguu kwa koleo ili joto liishie njiani. Ubaya ni kwamba hata ikiwa hai, joto la kawaida linaisumbua: umeme unavuja ndani kwa ndani, sauti inakwama kwama. Sasa mtu anayeunda kitu kisichopenda joto akakileta pwani ya Afrika Mashariki alifikiria nini? Redio yetu ilikuwa inapata kwikwi saa sita mchana na kupona magharibi. Nadhani ndiyo mfanyakazi pekee Lugoba aliyekuwa na sababu ya kisayansi ya kulala mchana.

Halafu kulikuwa na OC71. Hii ilikuwa transista ya kioo iliyopakwa rangi nyeusi, mjomba alikuwa nazo mbili na akazitunza kwenye kopo la dawa. Siku moja aliikwangua moja ili aone ndani kuna nini. Kumbe OC71 iliyovuliwa nguo inaona: mwanga ukiipata inapitisha umeme zaidi. Watengenezaji walilijua hilo vizuri, na walikuwa wakimuuza ndugu yake asiye na rangi, OCP71, kama jicho la umeme, kwa bei ya juu. Mafundi wa Uingereza walipogundua kuwa wembe tu unatosha, wakawa wananunua ile ya bei nafuu na kukwangua; baadaye kiwanda kikaanza kujaza ute usiopitisha mwanga ili kufunga mchezo. Mjomba yeye hakuwa na gazeti la kumweleza haya. Alichojua ni kwamba baada ya kuirudisha mahali pake, redio yetu ilibadilisha sauti kila kuku alipokatiza mbele yake. Alfajiri iliamka na jua. Wageni walikuja kuitazama. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Msoga aliitazama muda mrefu, kuku akapita, mtangazaji akaguna, mzee akaondoka bila kuaga.

Lakini nisiwafiche, mateso yalikuwa betri. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini, Waingereza walitoa redio kwa ajili ya Waafrika wa kawaida, ya pauni 5, yaani shilingi 100, mwili wake wa sufuria, ikabaki inaitwa redio ya sufuria. Betri yake ilidumu saa 300. Saa 300! Sisi betri za National zikiwa mpya kutoka dukani, ukiwapata ndugu wote wamekuja kusikiliza, hujui kama zitamaliza mwezi. Na zilipokwisha hatukuzitupa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulizianika juani juu ya bati. Tukaziuma kwa magego. Tukazitoboa kwa msumari tukazinywesha maji ya chumvi. Wapo waliozichemsha, ingawa nasikia walikuwa Wazigua wa ng'ambo ya mto na sitaki maneno. Vituko hivi vyote vina maana, msicheke: betri ya aina ile ikipata joto na maji, kemia iliyochoka ndani yake inaamka kidogo, unapata taarifa ya habari moja na nusu ya salamu za wagonjwa. Nusu ya pili mgonjwa atajaza mwenyewe.

Tarehe 10 Agosti 1974 betri zetu zilikuwa katika hali hiyo ya mwisho. Na siku hiyo, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga walikuwa wanaamua nani bingwa wa taifa. Watu wa Lugoba walijaa uani kwa mjomba tangu baada ya adhuhuri. Mwenye duka, Yanga wa kuzaliwa, alikuwa na betri mpya kwenye kabati, lakini aligoma kuzitoa kwa mkopo, akisema ushindi wa Yanga utasikika hata kwa betri za kuchemsha. Mjomba alikuwa Simba. Mpira ukaanza. Simba wakapata bao, Adam Sabu, na uani kukatokea kelele ambazo ziliwatorosha mbuzi wa watu. Kipindi cha pili sauti ikaanza kunyauka. Mjomba akaweka sikio kwenye spika, akainua mkono kutunyamazisha, akasikiliza, akatikisa kichwa, akazichomoa betri.

"Zinahitaji kupumzika," akasema. "Tunaongoza."

Wana-Yanga wakataka ziwekwe tena hata kama ni kwa mnong'ono. Mjomba akakataa kitaalamu: betri ya kufa ukiilazimisha haifufuki. Mpaka leo kuna watu wanaoapa kwamba zilikuwa bado na uhai wa nusu saa. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nimeshika koroboi, sitoi ushahidi. Basi Simba ya Lugoba ikalala bingwa. Kulikuwa na ngoma. Mwenye duka alifunga mapema na kuzima taa.

Kesho yake utingo wa basi kutoka Chalinze akateremka na habari nyingine kabisa. Dakika ya 87, Gibson Sembuli kasawazisha. Wameongezwa muda, dakika ya 97 Sunday Manara kafunga. Yanga 2, Simba 1. Mjomba alimsikiliza yule kijana mpaka mwisho, akamuuliza amesikia kwa redio gani. Utingo akataja redio mpya ya dukani, bendi tatu.

"Basi ndiyo hizo hizo," mjomba akasema. "Zinapokea mpaka uongo."

Gazeti lilipofika alilisoma, akalikunja, akasema waandishi nao walisikiliza redio hiyo hiyo ya utingo. Sasa niambieni: kijana wa leo mwenye redio safi, mwenye simu inayomwonesha bao kabla kipa hajasimama, atapata wapi usiku mzima wa ubingwa wa bure? Timu yake ikifungwa anajua papo hapo, anakwenda kulala na huzuni yake ikiwa mbichi.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba watu wa namna ya mjomba duniani wana heshima na leseni. Wanaitwa wanaredio wa ridhaa. Wanaunda mitambo ya kupokea na kutuma, wanaongea na wenzao ng'ambo ya bahari kwa sauti au kwa mlio wa Morse, na wakisikilizana wanatumiana kadi kwa posta kama uthibitisho. Kila nchi ina herufi zake. Zamani za Waingereza Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Baada ya uhuru tukawa 5H3, Zanzibar 5H1, Kenya 5Z4. Zanzibar inapendwa sana na watu hawa kwa kuwa ni kisiwa na visiwa vina alama nyingi katika mchezo wao. Wanakuja na mitambo ndani ya masanduku, wanasimamisha antena kando ya minazi ya hoteli, wanaita dunia nzima usiku kucha, wanaondoka bila kuogelea. Lugoba hawaji. Tuna vilima, tuna mawe ya kupakia malori mpaka Kiyama, tuna mnazi wenye kovu la waya. Hatuna bahari, basi hatuna alama.

Mjomba hakuwahi kutuma. Yeye alikuwa wa kupokea tu, ila alipokea kwa hasira. Usiku aliwinda: Peking kwa Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 1961; Sauti ya Ujerumani, iliyoanza 1963 na kujenga mtambo wa kurushia matangazo Kigali mwaka 1965; BBC, ambayo ilikuwepo tangu 1957. Alizungusha kondensa kwa kucha ya kidole gumba, maana kidole kizima kilikuwa kinaruka kutoka London hadi Moscow bila kusimama. Kinachonishangaza hakusikiliza hata mmoja wao mpaka mwisho. Akishaipata stesheni, akishahakikisha jina lake, alitabasamu, akaiacha, akaenda kutafuta nyingine. Mama alimuuliza mara moja Peking wamesema nini. Akajibu, "Wapo."

Juzi redio ya mjukuu wangu ilinyamaza. Nikafurahi, sikujionesha. Nikachukua bisibisi. Haina skrubu, imegandishwa kwa gundi. Nikapitisha kisu, ikafunguka, ndani nikakuta kibao kidogo cha kijani na katikati yake tone jeusi la gundi lililofunika ubongo wote. Hakuna koili. Hakuna kondensa. Hakuna hata kitu cha kukikwangua. Tukaipeleka kwa fundi wa simu pale stendi, kijana mzuri, ana miwani ya kukuzia na kiti kinachozunguka. Akaiangalia kwa muda wa kufumba na kufumbua.

"Babu, hii haifunguliwi."

"Nimeshaifungua."

"Ndiyo maana."

Akanionesha nyingine mpya, ina tochi, ina sola, inapiga nyimbo za flashi, na redio imewekwa kama nyongeza. Nikamuuliza ikiharibika inatengenezwaje. Akanitazama kwa huruma, akamtazama mjukuu wangu, akamwambia yeye bei.

Nina sanduku la mjomba chumbani, chini ya kitanda. Mke wangu analiita kaburi la pamoja. Wiki hii amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu, yule anayepita na mkokoteni akiita betri mbovu, masufuria, shaba. Kijana akalifungua, akapekua marehemu wote, akatenga shaba upande mmoja, akasema hii ina bei, hizo plastiki na vioo hazina. Akainua ile OC71 iliyokwanguliwa, akaigeuza geuza juani, akauliza ni kitu gani.

Nikamwambia ni jicho.

Akairudisha sandukuni haraka, akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia mke wangu kwamba vitu vya waganga yeye hanunui, akasukuma mkokoteni wake kuelekea Msata. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Mke wangu hasemi na mimi, ila nimepata kilo mbili za shaba iliyokwisha kutengwa vizuri, na nimeanza kumtazama mnazi.